Manjanja iliwekwa tu, haikushikwa: vile unatayarisha nyumba na watoto kabla upepo mkali haujafika (mwongozo kamili kwa sisi wa Bukavu)

Asubuhi moja ya mwezi wa tisa nilizunguka mu parseli yetu nikiokota misumari, nikapata kumi na moja, na yote ilikuwa imenyooka. Usiku upepo ulikuwa umebeba manjanja mbili (yani bati za paa) za upande wa jikoni, moja tuliikuta imejichoma mu muti wa avoka wa jirani, ingine hatukuiona tena. Mimi nilikuwa nafikiri msumari ukitolewa kwa nguvu lazima upinde, kumbe haukupinda, ulichomoka tu vile unachomoa uzi mu kitambaa. Fundi alipokuja akashika mmoja mu kiganja, akaniambia: "Mama, hii paa haikushikwa, iliwekwa tu." Hilo neno halijanitoka mu kichwa, ju nikiangalia nyumba za huku kwetu, Kadutu, Panzi, Cimpunda, naona mingi iko hivyo hivyo, manjanja imewekwa tu na watoto wanalala chini yake. Ndio maana nimeandika hii yote, ni ndefu, lakini isome polepole, na kama uko na fundi umusomee ile sehemu ya paa.

Kwanza tuelewane ni upepo gani

Hapa upepo wowote wenye nguvu tunaita kimbunga, wengine wanasema zoruba, na ile inazungusha vumbi na sashe ku barabara wakati wa kiangazi ni chamchela tu, inapita. Tornado ni kitu ingine. Ni nguzo ya upepo unaozunguka kwa kasi, inaning'inia kutoka wingu la radi mpaka inagusa udongo, na pale inapita inaacha njia kama mtu amefyeka. Marekani wanapata zaidi ya 1,000 kila mwaka, na wanazipima kutoka EF0 mpaka EF5, hiyo EF5 upepo wake unapita kilomita 320 kwa saa. Mu mji wa Joplin, Missouri, tarehe 22 mwezi wa tano 2011, tornado moja iliua watu zaidi ya 150. Na usifikiri ni mambo ya Marekani peke yake, Afrika Kusini wanazipata pia, tarehe 3 mwezi wa sita 2024 moja ilipiga Tongaat, karibu na Durban, nyumba zikabomoka na watu wakafa.

Kwetu kile kinatutesa zaidi ni upepo wa wingu la radi: mvua ikianza kuanguka inavuta hewa baridi chini pamoja nayo, ile hewa ikigonga udongo inatawanyika pande zote kwa nguvu, na ndiyo ule upepo wa baridi unausikia ku uso dakika chache kabla ya matone ya kwanza. Hauzunguki kama tornado, lakini paa yako haijali kama upepo unazunguka ao unanyooka. Kinachoua ni kile kile, vitu vinavyoruka na kuta zinazoanguka, na ndio maana nimechukua mafundisho ya watu wa tornado nikayapima na nyumba zetu. Afu sisi tuko na mambo mawili juu yake: radi, na mteremko. Nitayafikia.

Paa, na hapa tutakaa kidogo

Kazi ya paa inafanywa kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, usingoje mvua za kwanza za mwezi wa tisa ju wakati huo mafundi wote wako busy na bei ya misumari imepanda.

Uelewe kwanza upepo unafanya nini. Watu wengi wanafikiri upepo unasukuma paa chini, basi wanaweka mawe juu, ao mipira ya gari, ao mufuko wa muchanga. Upepo hausukumi chini, unavuta juu. Ukipita kwa kasi juu ya paa unaifyonza, na kama mulango ao dirisha iko wazi unaingia ndani na kusukuma kutoka chini, sasa paa inafyonzwa juu na inasukumwa kutoka chini, hapo msumari peke yake hauwezi. Lile jiwe uliloweka halitazuia kitu, litabebwa pamoja na manjanja afu litaanguka ku kichwa cha mtu. Kama uko na mawe juu ya paa yako leo, uyatoe, lakini fanya kwanza hii kazi ya kufunga, usiyatoe ukaacha paa bure.

Sasa kufunga. Chukua torshi, panda mu paa kwa ndani (ao tuma mtoto mkubwa mwenye akili), angalia sehemu tatu. Ya kwanza ni manjanja ku mbao yake. Msumari wa manjanja unapigwa juu ya wimbi, si mu bonde ya wimbi, ju ku bonde maji yanaingia, mbao inaoza, na msumari ulio ndani ya mbao iliyooza ni ile kumi na moja niliyookota mimi. Uwe na kile kipira chake. Ncha ikitokea upande wa chini wa mbao, fundi aikunje kwa nyundo, ni sekunde tano kwa kila msumari na ndiyo inafanya usichomoke. Ku pembezoni mwa paa, ku pembe na kule juu ku fetyeri (kilele cha paa), piga kila wimbi, ju upepo unaanzia pale, katikati unaweza kupiga kila wimbi la pili. Fundi atakuambia ni misumari mingi. Ndiyo, ni mingi, ongeza kilo moja.

Ya pili ni ile mbao ndogo ku shevro, yani mbao nzito ya mteremko inayoibeba. Hapa karibu kila mtu anapiga musumari mmoja tu toka juu. Zungusha fili, ule waya wa kufungia fero beto (vyuma vya zege), ikunje mara mbili, pitisha chini ya shevro na juu ya mbao, kaza na pensi mpaka isitingishike. Ya tatu, na ndiyo inasahauliwa kuliko zote, ni shevro ku ukuta. Nimeona nyumba za duru, za matofali mazuri, plasta, rangi, lakini madriye (ule ubao mnene unaobeba shevro) iko imelazwa tu juu ya ukuta, uzito wake ndio unaishika. Kama unajenga sasa, acha fero zitoke mu shenaji (mkanda wa beto juu ya ukuta) kabla ya kumwaga beto, afu uzikunje juu ya madriye. Kama nyumba iko tayari, toboa ukuta matofali matatu ao manne chini ya madriye, pitisha fili nzito, funga. Kwa nyumba ya planshi (ya mbao), shevro inafungwa ku nguzo, na nguzo ziwe zimezikwa vizuri mu udongo, na uweke mbao za kukingama, yani za kutoka pembe ya chini mpaka pembe ya juu ya ukuta, ju nyumba ya planshi bila mbao za kukingama inalala upande kama sanduku ya karatasi.

Mambo mengine madogo ya paa: manjanja BG 28 ni nzito kuliko BG 32, namba ikipanda manjanja inapungua unene, usidanganywe ku duka. Paa ya miteremko minne inavumilia upepo kuliko ya miteremko miwili. Kile kipande kinachotoka inje ya ukuta kisipite sana sentimita 45. Na baraza, mama zangu, tunapenda baraza ndefu ju ya kivuli na ya kukalia jioni, lakini usiiunganishe na paa ya nyumba, iwe na manjanja yake na nguzo zake, ili siku upepo unaichukua iende yenyewe bila kuvuta paa ya vyumba.

Kama pesa hazitoshi kwa yote, na kwa wengi wetu hazitoshi, anza na pembezoni na pembe za paa, afu chumba kile watoto wanalala. Fili ni bei ya chini kuliko manjanja, hiyo usiiache.

Chumba cha kukimbilia

Watu wa Marekani wako na kavu, yani chumba chini ya ardhi. Sisi hapana, na hapa mu mteremko hata usijaribu kuchimba. Kanuni yao kwa nyumba isiyo na kavu ndiyo tunachukua: chumba cha chini kabisa, cha katikati, kidogo, kisicho na dirisha ao chenye kadirisha kadogo, kuta nyingi kati yako na inje. Mu nyumba ya duru hiyo mara nyingi ni kolidoo, ao depo, ao bafu. Chumba kidogo ni kizuri ju kuta zake zinashikana karibu. Saluni ndiyo mbaya kuliko yote, madirisha makubwa, paa ndefu bila ukuta wa kati.

Angalia tena kitu kimoja. Ule ukuta wa pembe tatu unaopanda mpaka ku kilele cha paa, mafundi wanauita pinyo, paa ikienda unabaki umesimama peke yake juu, hauna kinachoushika, na unaanguka, mara ingine ndani mara ingine inje. Kitanda cha mtoto kisiwe chini ya pinyo. Kihamishe leo, haiombi pesa.

Nyumba ya planshi, nitasema bila kuzunguka: kwa upepo mkali sana si mahali pa kujificha. Ongea na jirani mwenye nyumba ya duru sasa, wakati jua linawaka, usingoje usiku ule. "Papa, zoruba ikikuja tunaomba kuja na watoto, tukae mu kolidoo yenu." Hakuna mtu wa hapa atakukatalia hiyo. Mupatane mlango utagongwa namna gani, nani atafungua, na njia ya kupita, ju usiku, mu matope, na ngazi zetu hizi za kushuka, hatua hamsini ni mbali. Na mwende mapema, upepo ukishaanza kurusha vitu hamutoki tena. Hapo mubaki, muingie chini ya kitanda kigumu ao meza nzito, mvute matela juu.

Kofia za moto (pikipiki), yani kaske, ni kitu kimoja ningependa kila mtu asikie. Mu tornado wengi wanaoumia vibaya wanaumia kichwa, na huko Marekani wanashauri familia ziweke kaske karibu na mahali pa kujificha. Sisi kaske za moto ziko kila mahali. Kama papa wa nyumba anaendesha moto, kaske yake na ya mteja zisilale inje ku moto, zilale mu kolidoo. Mtoto avae, hata kama ni kubwa ifunge na kitambaa. Hamna kaske? Mto, matela, mikono juu ya shingo.

Parseli

Pita inje ukiangalia kila kitu kwa swali moja tu: hii ikiruka itamupiga nani? Vipande vya manjanja vya zamani nyuma ya nyumba, bidoni tupu, meza ya kuuzia makala, viti vya plastiki, antena. Funga ao ingiza ndani. Tawi la avoka ao la mikaratusi linaloning'inia juu ya paa likatwe kiangazi. Kama ni muti wa jirani, muende muongee naye, ni afadhali mukule avoka kidogo mwaka huu.

Mufuko

Uwe mmoja, unaobebeka na mtu mmoja, uning'inie pale pale ku chumba cha kukimbilia. Ndani: karatasi (kadi ya elekteri, akti za kuzaliwa za watoto, fishi ya parseli, dipolome) ndani ya sashe mbili zilizofungwa vizuri, na upige kila moja picha na simu, umutumie ndugu anayekaa mji mwingine, ju simu yako inaweza kulowana na karatasi vile vile. Dawa ambazo mtu anatumia kila siku. Torshi, ya sola ni nzuri zaidi. Filimbi, hii watu wanaisahau na ndiyo inakuokoa ukiwa chini ya mbao, sauti inakauka baada ya dakika kumi lakini filimbi mtoto anaweza kuipiga usiku mzima, mara tatu, pumzika, mara tatu. Simu ya zamani yenye inite (salio). Viatu vya kufunga kwa kila mtu, si masapatu, ju asubuhi udongo wote ni misumari na vioo. Pagne mbili, moja ya kubeba mtoto, moja ya kufunga jeraha.

Maji hayaingii mu mufuko, yako pembeni. Pima lita 4 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu saba, siku tatu, ni lita 84, yani bidoni nne za lita 20 na kidogo. Bomba inaweza kukaa siku nyingi bila maji baada ya zoruba, na maji ya muto wakati huo yamebeba kila kitu kutoka vyoo vya juu, usiyakunywe bila kuyachemsha mpaka yatokote.

Kusoma mbingu, na ile dakika chache

Hatuna kingora hapa. Marekani wanatumia maneno mawili, moja ni kusema hali ya hewa inaweza kuzaa tornado, jitayarishe, ingine ni kusema imeonekana, jifiche sasa, na kati ya hilo neno la pili na tornado kufika watu wanapata kama dakika kumi hivi. Sisi METTELSAT ndiyo idara ya hali ya hewa ya inchi, redio zinasoma mara kwa mara, na simu iko na utabiri, lakini kingora chetu cha kweli ni macho na ngozi. Asubuhi yenye joto zito la kukaba, afu mchana mawingu yanapanda kama minara kutoka upande wa milima, chini yake yanakuwa meusi ao ya rangi ya kijani chafu. Jua linapotea. Kunakuwa kimya. Afu ule upepo wa baridi wa ghafla. Kuanzia hapo uko na dakika chache tu, usizitumie kutoa nguo ku kamba ukiacha mtoto inje.

Gawanyeni kazi mapema. Kwetu iko hivi: mimi nachukua mtoto mdogo na mufuko, mkubwa wa kiume anafunga madirisha na milango, dada yake anamushika tate, mzee wetu, mkono ju macho yake hayaoni vizuri, bwana anakata umeme na kuzima mbabula (jiko la makala). Tulijaribu mara tatu siku ya jumapili mchana, mara ya kwanza tulicheka na tukagongana mu mulango, mara ya tatu wote tuko mu kolidoo kabla sijahesabu sitini. Usiku ni tofauti, jaribuni usiku pia, bila taa. Na mwambie mtoto nini atafanya kama uko ku soko na yeye yuko na wadogo peke yao: asikutafute. Aingie kolidoo, avae kaske, mama atakuja. Mtoto asipoambiwa hivyo atatoka inje kukutafuta, watoto wako hivyo.

Kuna uongo wa zamani unasema fungua madirisha ili upepo upite nyumba isipasuke. Hata Marekani watu waliuamini miaka mingi. Usifanye. Ukifungua umeukaribisha upepo usukume paa kutoka chini.

Upepo umefika

Hapa maneno ni machache. Wote chini, magoti na viwiko ku simenti, uso chini, mikono nyuma ya shingo, watoto kati ya ukuta na mtu mkubwa, matela juu. Hakuna anayesimama kuchungulia. Hakuna anayerudi ju ya televizyo. Paa ikienda utasikia mlio ambao hautasahau, na mwanga utaingia na mvua, baki pale pale, ukuta bado unakukinga na vitu vinavyoruka. Upepo ukinyamaza ghafla hesabu dakika kadhaa kwanza.

Kama uko ku barabara: ingia nyumba ya duru ya kwanza unayoona, omba, watakufungulia. Usijifiche chini ya muti, chini ya pano ya matangazo, ao ku ukuta wa parseli wa bloku zisizo na fero, zile zinaanguka mapema. Kama hakuna kitu kabisa, lala mu shimo ao mu bonde kavu, lakini hapa kwetu mifereji inajaa maji mu dakika, basi chagua vizuri, mito ya Kawa na Wesha si mahali pa kulala. Na walio mu mtumbwi ao boti ndogo ku ziwa, ukiona wingu limefunika upande mmoja, rudi ku fuko (ukingo wa ziwa) ya karibu, hata kama si fuko yako.

Radi, ndugu zangu

Hapa naandika polepole. Kabare, ile tuko tumezungukwa nayo, iko ya pili duniani kote kwa wingi wa radi. Watafiti walihesabu kutoka satelaiti, miaka 1998 mpaka 2013, na wakatoa majibu 2016: kila kilomita ya mraba inapata mianga zaidi ya 200 kwa mwaka, inayotupita ni ziwa Maracaibo, kule Venezuela, peke yake. Sababu inaeleweka, ziwa linatoa mvuke, milima inaisukuma juu, hewa ya joto na ya baridi zinakutana, wingu linapanda sana, na barafu ndani yake zikigongana zinatengeneza umeme.

Kwa hiyo mtu akipigwa na radi huku kwetu, hakuna aliyemtuma. Najua nasema nini, najua tunaishi mu avenyi ambapo radi ikiua mtoto jioni, kabla ya asubuhi jina la mama mzee fulani limeshatajwa, na kuna wamama waliofukuzwa ao kuuawa ju ya hilo. Mianga 200 mu kila kilomita. Mama mzee hana nguvu hiyo. Ukisikia jina linaanza kutajwa, wewe mwenye umesoma hapa, simama uongee.

Sasa vitendo. Ukiona mwanga, hesabu mpaka usikie mlio, gawanya kwa tatu, unapata kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, na hapo tayari inaweza kukupiga. Basi ukihesabu chini ya 30 ingia ndani, na utoke tu dakika 30 zikipita bila mlio wowote. Timu ya mpira, shule mu kiwanja, ibada chini ya hema, wamama wa kulima mu mlima, wote ni sheria moja. Jembe weka chini. Usisimame chini ya muti, usijikusanye watu kumi pamoja, achaneni. Gari yenye bodi ya chuma na vioo vimefungwa ni mahali pazuri, moto hapana, shuka.

Ndani ya nyumba kaa mbali na ukuta, mlango na dirisha, usiogeshe mtoto, usioshe vyombo ku bomba, chomoa televizyo na friji mapema, na simu isichajiwe mkononi. Manjanja juu peke yake haiondoi radi, inahitaji njia ya kushuka mu udongo, kwa hiyo shule na kanisa ziweke paratoneri (chuma cha kukinga radi), na ifanywe na mtu anayejua, ju iliyofungwa vibaya ni hatari.

Mtu aliyepigwa hana umeme mwilini, unaweza kumugusa mara moja. Usimuzike mu udongo, usimumwagie maziwa. Kama hapumui, mulaze chali, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu sentimita 5, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, ukijua kupuliza mu mdomo basi 30 kwa 2, na usiache mpaka afike hospitali ao apumue. Radi inasimamisha moyo ambao ulikuwa mzima, ndio maana wengi wanarudi kama mtu ameanza haraka.

Mteremko

Upepo ukipita mvua inabaki, na mlima unakunywa. Tunakumbuka Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, mwezi wa tano 2023, watu zaidi ya 400 walikufa mu jioni moja. Na mu mji wenyewe kila mtu anajua Funu, pale udongo unatembea polepole na nyumba zinapasuka kila mwaka.

Alama: nyufa mpya ku udongo ao ku simenti, mlango uliokuwa unafunga vizuri unaanza kukataa, nguzo ya umeme imeinama, maji yanatokea mahali ambapo hayakuwa, ao muto mdogo unageuka matope ghafla ao unapungua wakati mvua bado inanyesha. Hiyo ya mwisho ni ya kukimbia bila mufuko. Kimbilia pembeni na juu, usishuke na bonde. Ukuta wa kushika udongo nyuma ya nyumba uwe na matundu ya kutokea maji, hata kipande cha tiyo, bila hiyo maji yanajikusanya nyuma na kuusukuma. Na maji ya paa yako yashuke mu mfereji, si mu msingi wa jirani wa chini. Hapo ndipo magomvi mingi ya avenyi inaanzia, na jirani wa chini yuko na haki.

Asubuhi yake

Viatu kwanza. Hesabu watu kwanza, afu vitu. Nyuzi za umeme zilizoanguka, hata kama mutaa mzima hauna umeme, usiziguse na usikanyage maji yanayozigusa, weka mtu mkubwa azuie watoto na umujulishe shefu wa avenyi. Usiwashe mshumaa mu nyumba ya planshi yenye nyuzi zilizolowana na nguo kila mahali, mji huu unaungua vya kutosha. Baridi itakusukuma kuingiza mbabula ndani na kufunga mlango, ili nguo zikauke na watoto wapate joto: usifanye hiyo, ile hewa ya makala haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala. Mbabula ibaki inje, watoto wapate joto kwa pagne kavu na mwili wa mtu.

Piga picha za nyumba kabla ya kusafisha. Majeraha ya msumari na manjanja yaoshwe na sabuni na maji mengi, afu santre de sante ju ya sindano ya pepopunda, hata kama ni kadogo.

Manjanja iliyookotwa inaweza kurudi juu kama haikupasuka, lakini usipige msumari mu tundu la zamani, limekuwa kubwa na halishiki tena. Sogeza manjanja kidogo, tafuta wimbi jipya, piga pale, kunja ncha, na lile tundu la zamani lizibe na lami ao kipande cha shambre a eri (mpira wa ndani) cha baiskeli na gundi. Sisi tulifanya hivyo kwa ile iliyotoka ku avoka. Alama ya tawi bado inaonekana juu yake.